Leaf, Aqua au Vitz? Anza na mahali gari linapolala

Anayetafuta gari dogo la kutoka Japani siku hizi huletewa majina matatu: Toyota Vitz ya petroli tupu, Toyota Aqua ya haibridi (petroli na umeme pamoja), na Nissan Leaf ya umeme mtupu. Ubishi huwa mkali upande wa bei ya yadi na "linakula mafuta kiasi gani". Hayo ni ya msingi, lakini yanakuja baadaye. Kuna maswali mawili yanayoamua mapema zaidi: gari litalala wapi, na litatembea kilomita ngapi kwa mwezi? Mtu anayeegesha barabarani mbele ya jengo la ghorofa nne huko Kariakoo, Dar, au Pipeline, Nairobi, hana pa kuchomeka waya, na kwake Leaf imeshatoka kwenye orodha kabla hata hajaiona. Mwenye nyumba yake Goba au Ruiru, geti lake na mita yake, anaanzia mahali pengine kabisa.

Tuanze na hesabu ya nishati, kwa kuwa ndiyo inayowavuta wengi. Chukua kilomita 1,000 kwa mwezi, nyingi za mjini. Leaf inavuta kutoka ukutani uniti 15 hadi 19 kwa kilomita 100, ukihesabu na zile zinazopotea wakati wa kuchaji, tuweke 18. Aqua iliyo nzima inatembea kama kilomita 20 kwa lita. Vitz ya cc 1,000 kwenye foleni na kiyoyozi haizidi 14 kwa dereva wa kawaida, hata kama karatasi za Japani zinasema zaidi ya 20. Petroli tuiweke shilingi 3,000 Tanzania na 180 Kenya, umeme shilingi 356 kwa uniti Tanzania (zile uniti 28 za LUKU ya elfu kumi) na kama 30 Kenya pamoja na kodi.

| Kilomita 1,000 | Leaf | Aqua | Vitz 1.0 |
|---|---|---|---|
| Kinachotumika | uniti 180 | lita 50 | lita 71 |
| Tanzania (TSh) | 64,000 | 150,000 | 214,000 |
| Kenya (KSh) | 5,400 | 9,000 | 12,900 |

Bei za mafuta hubadilika: mamlaka ya nishati ya Tanzania, EWURA, hutangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi, ile ya Kenya, EPRA, tarehe 14. Weka bei ya mwezi wako, urudie kuzidisha. Mpangilio hautageuka, ila pengo litapanuka au kupungua.

Sasa punguza kilomita ziwe 400, yaani gari la kwenda kazini karibu, sokoni na kanisani au msikitini. Tofauti ya Aqua na Vitz inashuka hadi shilingi 26,000 hivi za Tanzania kwa mwezi, kama 300,000 kwa mwaka. Hiyo ndiyo pesa unayookoa kwa kukubali kubeba betri kubwa ya haibridi iliyozeeka, inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota), na mfumo wa breki ambao fundi wa mtaani kwako huenda hajawahi kuufungua. Kwa kilomita hizo, Vitz inashinda na hakuna haja ya kubishana. Haibridi na umeme hulipa kwa anayetembea sana.

Wa Tanzania wana jambo moja la ziada la kukumbuka. Kama nyumba yako ipo kwenye tarifa ya D1, ile ya uniti moja kwa shilingi 122 hivi, ukomo wake ni uniti 75 kwa mwezi. Leaf peke yake inaweza kula mara mbili ya hizo, na ukizidi bei inapanda sana. Usipige hesabu ya gari kwa uniti za 122. Kenya kuna tarifa maalumu ya vyombo vya umeme iliyoanza Aprili 2023, shilingi 16 kwa uniti na 8 saa za usiku kabla ya kodi, lakini inataka mita yake peke yake. Kwa gari moja la nyumbani wengi hubaki na mita ya kawaida.

Leaf: unanunua betri, gari ni nyongeza

Leaf zilizopo sokoni ni za vizazi viwili. Ya kwanza ilitoka Desemba 2010 na betri ya kWh 24 (kWh moja ndiyo uniti moja), kisha mwishoni mwa 2015 ikaja ya kWh 30 kwenye umbo lilelile. Ya pili ilitoka Oktoba 2017 na kWh 40, na mwaka 2019 ikaongezwa ya kWh 62. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe, kwa hiyo anayeagiza sasa anaangukia kizazi cha pili. Hizo 24 na 30 utazikuta mikononi mwa watu. Tanzania unaweza kuagiza ya zamani ila lililopita miaka 8 hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Pitia kikokotoo cha TRA mtandaoni kabla hujalipa chochote, maana tofauti ya mwaka mmoja wa kutengenezwa inaweza kumeza punguzo lote ulilopewa na muuzaji.

Masafa yanayoandikwa kwenye matangazo ya Japani ni ya kufurahisha macho. kWh 40 inatajwa kuwa na kilomita 400 kwa kipimo cha zamani cha JC08. Kipimo cha Marekani cha gari hilohilo ni kilomita 243. Ya kWh 24 ya mwanzo Wamarekani waliipa kilomita 117 tu ikiwa mpya. Fuata hizi ndogo, halafu zidisha kwa afya ya betri.

Na afya ndiyo kiini cha ununuzi wote. Betri ya Leaf haina kupozwa kwa maji wala feni. Joto linatoka lenyewe kupitia bati la chini. Arizona, ambako kiangazi ni kikali, magari ya mwanzo yalipoteza uwezo mapema mno hadi Nissan ikalazimika kuongeza dhamana ya uwezo wa betri. Dar, Mombasa na Tanga si Arizona, lakini si Hokkaido pia. Nairobi, Arusha, Mbeya na Kigali betri inakaa kwa raha zaidi.

Kwenye dashibodi, upande wa kulia wa kipimo cha chaji, kuna vijistari vidogo 12. Cha kwanza kikizimika, betri imeshuka chini ya asilimia 85 hivi. Kila kinachofuata ni kama asilimia 6. Vikibaki 8, uko kwenye 60 na ushee. Kwa gari la kWh 24 hiyo ni kama kilomita 80 za mjini na kiyoyozi kikiwaka, basi. Tatizo ni kwamba vijistari vinaweza kudanganywa: kompyuta ya betri ikirudishwa mwanzo, vyote 12 vinawaka tena kwa muda, kisha huanza kuzimika kimojakimoja ukiwa umeshalipa. "Kaka, betri bado iko fiti, si unaona vyote vimejaa?" si kipimo.

Kipimo ni skana ya OBD2 ya bluetooth, ile inayochomekwa kusoma kompyuta ya gari, na programu ya LeafSpy kwenye simu. Usinunue ile ya bei ya kutupa yenye kuandikwa v2.1, nyingi zinakataa kuzungumza na Leaf. Tafuta Vgate au OBDLink. Ukishaunganisha, angalia haya kwa mpangilio. AHr, yaani ampea-saa ambazo betri inaweza kubeba: kWh 24 mpya ilikuwa karibu 66, kWh 40 karibu 115, gawanya unachokiona kwa hicho upate asilimia yako mwenyewe, uilinganishe na SOH (asilimia ya afya ya betri) iliyoandikwa. Kisha idadi ya chaji za haraka, inayoitwa QC. Mamia kwa mamia maana yake gari liliishi kwenye vituo vya barabarani na kupata joto mara nyingi. Halafu ule ukurasa wenye mistari 96, kila mmoja ni jozi ya seli. Chaji ikiwa juu, tofauti ya seli ya juu na ya chini inapaswa kuwa chini ya milivolti 30. Hapo gari bovu bado linaweza kukupita. Liendeshe hadi chaji ifike 25 au 20, kisha kanyaga kwa nguvu ukiwa na mwenzako anayetazama simu: mstari mmoja ukizama peke yake na tofauti ikapita milivolti 150, hiyo seli imechoka, nayo ndiyo itakayokuzimia gari wakati kipimo kinakwambia zimebaki kilomita 20.

Kwa kWh 30 kuna jambo la kipekee: programu ya betri kutoka kiwandani ilikuwa na hitilafu ya kuonyesha uchakavu mkubwa kuliko uliopo, na Nissan ilitoa marekebisho 2018. Ukikuta 30 yenye namba mbaya ila inatembea vizuri, uliza kama ilisasishwa. Mara chache bahati huwa upande wa mnunuzi.

Muuzaji akikataa skana, mwombe mzunguko wa kilomita 40 za mjini kuanzia chaji kamili. kWh 40 nzima itakula asilimia 16 hadi 20. kWh 24 iliyochoka itakula 35 hadi 40. Akikataa na hilo, kuna Leaf nyingine.

Sasa uchaji wa nyumbani, ambako ndiko mambo huharibikia. Leaf ya Japani ina tundu mbili mbele: la kawaida la Type 1 lenye pini tano, na kubwa la CHAdeMO kwa chaji ya haraka. Chaja nyingi mpya za barabarani zinakuja na plagi za aina nyingine, CCS2 au GB/T, kwa hiyo usinunue Leaf kwa kutegemea vituo. Uliza kila kituo kama kina CHAdeMO na kama leo kinafanya kazi. Chaja ya kubebeka ya nyumbani lazima iwe Type 1, iandikwe volti 220–240, na iwe na uwezo wa kuwekwa ampea 8 au 10. Kwenye ampea 10 unapata kama kilowati 2.3. Matumizi ya kilomita 40 za siku yanarudi kwa saa tatu hivi. Kujaza kWh 40 kutoka asilimia 20 ni saa 15 na zaidi, jambo la wikendi.

Soketi ya kawaida ya pini tatu imeandikwa ampea 13, lakini haikutengenezwa ili ivute karibu hapo kwa saa nane mfululizo kila usiku. Kinachotokea: mguso uliolegea ndani unapata joto, plastiki inakuwa ya kahawia, mguso unalegea zaidi. Vuta waya wa shaba wa milimita 2.5 moja kwa moja kutoka kwenye bodi, na breka yake ya ampea 16 au 20 na ya kukata umeme ukivuja (miliampea 30), kisha weka soketi ya ubora. Nusu saa baada ya kuanza kuchaji, shika plagi. Vuguvugu ni sawa. Ukishindwa kuishikilia, zima na umwite fundi umeme. Ekstensheni iliyoviringishwa kwenye kibao chake usiiguse kabisa kwa kazi hii, inajipika yenyewe. Anayetaka chaja ya ukutani ya ampea 32 anahitaji waya wa milimita 6 angalau, na ajue kwanza Leaf yake inapokea ngapi: nyingi za Japani zinaishia kilowati 3 hivi, kwa hiyo chaja kubwa haitaharakisha kitu.

Chaja ikiwaka nyekundu na kukataa mahali fulani huku kwingine inakubali, mara nyingi si gari. Ni ethi, waya wa kwenda ardhini. Nyumba nyingi zina tundu la ethi kwenye soketi lakini fimbo ya ardhini imekatika, imeliwa na kutu au haikuwekwa kabisa. Chaja hupima hilo kabla ya kuruhusu umeme, na ni vizuri iwe hivyo. Mafundi wengine "hutatua" kwa kuunganisha ethi na nyutro ndani ya soketi. Ukatae, nyutro ikikatika nje, bodi ya gari inapata umeme. Jenereta ndogo nayo hukataliwa kwa sababu hiyohiyo. Jambo lingine la kujaribu siku ya kwanza: zima breka katikati ya chaji, uwashe tena. Kuna chaja zinazoendelea zenyewe umeme ukirudi na nyingine zinazobaki zimekaa. Kwenye mtaa unaokatika umeme usiku, ni vyema ujue yako ni ipi kabla ya asubuhi ya kazi.

Kuhusu safari. Nairobi hadi Nakuru ni kilomita 160 hivi, na kWh 40 yenye afya ya asilimia 90 itafika ukienda 80 hadi 90 kwa saa. Kurudi ni hadithi nyingine kidogo: kutoka Naivasha kupanda hadi Kimende ni zaidi ya mita 600, na kunyanyua gari la tani moja na nusu pamoja na abiria urefu huo peke yake kunakula uniti 2.5 hadi 3, juu ya matumizi ya kawaida. Unazirudisha kiasi ukiteremka Limuru, mradi ufike juu kwanza. Dar hadi Morogoro, kilomita 190 hivi, kWh 40 iko ukingoni. kWh 24 isitoke mjini.

Mengine ni mepesi. Hakuna oili ya injini, plagi wala mkanda. Breki pedi hudumu kwa kuwa mota ndiyo inayopunguza mwendo. Tairi za 205/55R16 huisha haraka kidogo kwa uzito wa gari. Betri ndogo ya volti 12 ikifa gari haliwaki hata kama kubwa imejaa, na hili ndilo linalowaacha watu njiani zaidi ya betri kubwa. Kwa matumizi ya kila siku chaji hadi 80, usiliache limejaa 100 juani siku nzima, usilishushe chini ya 15 bila sababu.

Aqua: vumbi na viraka

Aqua ya kwanza iliuzwa Japani kuanzia Desemba 2011 hadi 2021: injini ya cc 1,500 aina ya 1NZ-FXE, mota ya umeme, na betri ya nikeli yenye moduli (vipande) 20, volti 144, chini ya siti ya nyuma. Haichomekwi popote. Inajichaji kwa breki na kwa injini, ndiyo maana inang'aa kwenye foleni ya Ubungo au Thika Road na kupoteza ubora wake barabara kuu ya mwendo wa 110.

Betri yake, tofauti na ya Leaf, ina feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari kupitia tundu dogo pembeni mwa siti ya nyuma. Hapo ndipo Afrika Mashariki inapoiua. Madirisha wazi kwenye barabara ya vumbi, mazulia yasiyofyonzwa, manyoya ya mbwa, mfuko wa nguo uliowekwa ukaziba tundu: feni inajaa, betri inachemka, moduli za katikati zinachoka kwanza. Kabla ya kununua inama na tochi. Ukiona tabaka la vumbi kama blanketi kwenye matundu, ndani ni vibaya zaidi. Kusafisha feni ni kazi ya saa moja au mbili kwa anayejua, na ifanywe kila mwaka. Ukiona feni ikivuma kwa sauti muda mrefu kwenye gari lililopoa, betri inalia.

Dalili nyingine inaonekana bila chombo chochote. Kwenye picha ya betri ya dashibodi, ukisimama foleni na kiyoyozi, vijiti vinapaswa kushuka polepole, injini iwake dakika kadhaa, kisha vianze kupanda. Vikiruka kutoka karibu kujaa hadi viwili ndani ya dakika moja au mbili, kisha kujaa tena ghafla, uwezo umekwisha hata kama taa ya onyo haijawaka. Kwa skana ileile, tumia Dr. Prius au Hybrid Assistant, utazame volti za bloku (makundi ya moduli) unapokanyaga: tofauti inayozidi volti 1 ni ya kukimbia au ya kupunguziwa bei ya betri nzima. Msimbo P0A80, ule wa betri ya haibridi kuchoka, ukishaandikwa, hakuna mjadala. Kama msimbo umefutwa asubuhi hiyo, skana itakuonyesha kwamba mfumo haujamaliza kujipima. Mwendo wa saa nzima utaurudisha.

Hapo ndipo wanakuja mafundi wa viraka. Wanatoa moduli mbili zilizokufa, wanaweka mbili za kutoka gari lingine, taa inazimika. Miezi michache baadaye inayofuata kwa udhaifu inaanguka, kwa kuwa moduli zenye uwezo tofauti kwenye mnyororo mmoja zinachoshana. Kiraka kinakubalika kama unauza gari kesho. Kama unalitunza, ama nunua betri nzima iliyolinganishwa, ama mpya, ukiwa na dhamana ya maandishi inayotaja miezi. Na anayeifungua lazima achomoe plagi ya usalama, asubiri dakika 10, avae glavu za volti 1,000. Fundi anayeshika nyaya za rangi ya chungwa mikono mitupu muage kwa adabu.

Vitu viwili vya Aqua vinavyosahaulika yadini. Kwanza, inverta ina tangi lake la kulanti, tofauti na la injini. Gari likiwa limewashwa, neno READY likionekana kwenye dashibodi, fungua kifuniko utazame: maji yanapaswa kutikisika. Yakitulia tuli, pampu imekufa, na inverta itafuata. Kulanti iwe ya pinki ya Toyota. Ukiona rangi ya kutu mtu aliongeza maji ya bomba. Pili, breki. Pampu ya breki hulia "zzz" mlango ukifunguliwa na kila baada ya kukanyaga mara chache. Ikilia kila sekunde chache bila kuguswa, mfumo unavuja ndani, na kifaa hicho ni miongoni mwa ghali zaidi kwenye gari. Oili ni 0W-20, lita 3.7 na filta. Hakuna mkanda wa nje, kompresa na pampu ya maji zote ni za umeme.

Tumbo la gari liko chini: kama milimita 140 kutoka ardhini. Matuta ya mitaani huliparaza, na mafuriko ya masika hufika siti ya nyuma haraka. Aqua iliyowahi kulala ndani ya maji usiinunue kwa bei yoyote, kwa sababu vishikizo vya moduli huota kutu ya kijani na kuleta misimbo isiyokwisha.

Vitz: hakuna siri

Kwa Vitz hakuna mengi ya kusema, na hiyo ndiyo sifa yake. Injini ya 1KR-FE ya silinda tatu ina mnyororo badala ya mkanda wa taimingi, spea ziko kila kona kuanzia Gerezani hadi Kirinyaga Road, na siku ukitaka kuuza haikai. Inatetemeka kidogo ikiwa imesimama. Ikizidi, ni mauntini, zile raba zinazoshikilia injini. Ikinyweshwa oili mbaya au kupitishwa muda, huanza kuichoma, kwa hiyo angalia moshi wa bluu asubuhi na badilisha kila kilomita 5,000. Gia boksi ni CVT (otomatiki ya mkanda) na inataka mafuta yake, kwa kizazi cha 2010 na kuendelea ni CVT Fluid FE. ATF, mafuta ya kawaida ya gia otomatiki, humaliza gia boksi hiyo, na wauzaji wengi wa oili bado husema "hii inaingia kote". Jaribu kuondoka taratibu kwenye mlima: mtikisiko au mlio wa filimbi ni dalili za mkanda wa ndani. Ukiwa na watu wazima wanne, mizigo na kiyoyozi, mlima wa Kitonga utaupanda kwa mwendo wa lori. Ya cc 1,300 inafaa zaidi kwa anayesafiri mikoani, kwa lita chache za ziada.

Vifaa vya kubeba, kwa lolote utakalochukua

Skana nimeshaitaja, ni ya kwanza. Ya pili ni bustaa ya lithiamu ya kuwashia, inayokaa kwenye sanduku la mbele. Kwa Leaf na Aqua si lazima iwe kubwa, maana betri ya volti 12 haizungushi injini, inaamsha kompyuta tu. Za ampea mia chache zinatosha. Aqua ina sehemu ya kuunganishia ndani ya kisanduku cha fyuzi mbele, huna haja ya kufungua siti. Chanya na hasi zikigeuzwa, unaweza kuunguza fyuzi kuu na hata inverta, kwa hiyo tazama alama mara mbili. Ya tatu ni pampu ya upepo ya kuchomeka kwenye tundu la volti 12, pamoja na kamba za kuziba pancha: Leaf haina tairi la akiba, na Aqua nyingi za Japani hazina pia. Ekspanda ya redio, kifaa kidogo cha kuifanya ishike stesheni za huku, ni ya raha, lakini bila hiyo redio ya Japani inaanzia 76 na kuishia 90 au 95, na stesheni nyingi hutazipata.

Nani achukue nini

Una maegesho yenye geti, mita yako, ethi iliyopimwa, unatembea kilomita 40 hadi 100 kwa siku na kuna gari lingine nyumbani la safari: Leaf ya kWh 40 yenye SOH isiyopungua 85, na hakuna itakayoikaribia kwa gharama. Usichukue 24 kwa sababu ni rahisi, isipokuwa njia yako nzima ya siku ni chini ya kilomita 40 na umekubali kwamba huenda usimpate wa kumuuzia.

Huna pa kuchomeka lakini unaishi kwenye foleni, labda ni teksi ya programu: Aqua, mradi bei uliyopanga ibaki na akiba ya betri nzima pembeni. Kama akiba hiyo haipo, huwezi Aqua, unaweza Vitz. Teksi ikila kilomita 3,000 kwa mwezi, tofauti ya mafuta na Vitz inarudisha gharama ya betri mapema, na ndiyo sababu madereva wa Nairobi na Dar wanaipenda pamoja na lawama zake zote.

Kilomita chache, mji mdogo, fundi mmoja wa kuaminika: Vitz.

Kuna moja linalochanganya watu yadini, Nissan Note iliyoandikwa e-POWER mlangoni, iliyotoka mwishoni mwa 2016. Muuzaji ataiita gari la umeme, na kweli ni mota ya umeme inayozungusha magurudumu. Lakini umeme huo unafuliwa na injini ya petroli ya cc 1,200 iliyo ndani, betri yake ni ndogo ya kWh 1.5, na haina tundu la kuchaji popote. Zunguka gari lote utazame. Ukikuta mahali pa kujaza petroli tu, ilinganishe na Aqua, usiilinganishe na Leaf.